Eda Yangu na Jua la Darini

Aprili 27

Jannat kaniletea daftari hili asubuhi. Kasema, "Mama, andika chochote kile, usikae ukitazama ukuta." Mimi shule niliacha darasa la tano, lakini chuo cha Kurani nilihitimu, basi kusoma najua na kuandika najua kiasi changu. Baba wa wanangu, Abdulbasit, ametutoka wiki iliyopita. Nimeingia eda. Miezi minne na siku kumi sitoki nyumbani, sipaki wanja, sifukizi udi, navaa nyeupe. Sina ugomvi na hilo. Nimeishi na yule mtu tangu nilipokuwa mwari, kumkalia miezi minne ni kidogo.

Wifi yangu Zakiya, dada yake marehemu, huja kila asubuhi kutoka Kuze. Hutundika buibui lake kwenye msumari ulio juu ya mlango wa chumba changu, hukaa mpaka magharibi. Yeye alikaa eda yake miaka mingi nyuma, basi ndiye mwenye sheria zote. Usisimame dirishani. Usicheke ukasikika. Usipokee namba usiyoijua. Namsikiliza. Nampenda, ila mdomo wake haujui kupumzika.

Aprili 30

Mvua. Nguo hazikauki.

Mei 3

Naandika, mkono wa kushoto umo ndani ya plasta. Alhamdulillahi si wa kulia.

Ilikuwa jana alasiri. Mvua ilikuja ya upande, ikaingia mpaka kitandani. Madirisha haya ya mbao yakinywa maji huvimba, bila nguvu hayafungiki. Nikavuta, halikuja. Nikavuta tena, likaachia kwa ghafla, nikarudi nyuma nikakaa kitako, mkono nimeutanguliza. Ndiyo hivyo tu. Sikuanguka ngazini, sikuteleza bafuni. Nimeanguka kama anavyoanguka mtoto anayejifunza kusimama, na mtoto huinuka akacheka. Mimi mkono ulilia kama ukuni mkavu.

Zakiya akaja, akautazama. "Umeteguka huo. Ngoja nikukande na mafuta ya simsim, kesho utaamka mzima."

Akaushika. Nilipiga ukelele uliomtoa muuza vinyago wa chini mpaka barabarani.

"Wifi, twende hospitali."

"Hospitali? Wewe umo edani, Khairiya. Watu watakuona."

"Watu wakiniona wataona mkono uliovunjika. Hawataona arusi."

Jannat akampigia nduguye, Gharib akaja mbio kutoka kazini Shimanzi na vumbi la malori kichwani. Mwanangu mrefu, kanibeba kunishusha ngazi zile zote. Ngazi zetu unazijua, za kizamani, zimesimama kama ukuta, ndiyo maana marehemu aliziwekea kamba nene ya bandarini pembeni. Tulipofika chini akanambia, "Mama, mbona hulemei?" Tangu hapo sura yake haijarudi.

Daktari kaniuliza, "Umeanguka kutoka wapi?"

Nikamwambia, "Kutoka hapo nilipokuwa nimesimama."

Akaacha kuandika. Akasema mfupa wa mtu mzima haufai kuvunjika kwa kuanguka hivyo. Kaniandikia picha nyingine, ya kupima mifupa yote.

Mei 5

Sijalala vizuri. Si maumivu. Ni mawazo.

Mei 10

Majibu. Daktari ni mwanamke, umri wa Jannat, mpole. Kanionyesha picha mbili, mfupa mzima na mfupa kama wangu. Ule mzima umeshikana. Wangu umejaa vitundu. Nikamwambia, "Huu ni mkate wa kumimina."

Akacheka, kisha akasema ni hivyo hasa.

Mimi ndiye niupikiaye mtaa mzima mkate wa kumimina kila Ramadhani. Wa mchele, wa tui, na iliki. Ukikata ukaona vitundu tele ujue umekubali. Sasa kumbe na ndani yangu umekubali.

Kaniuliza hedhi ilikoma lini. Nikasema nilipokuwa na arobaini na mbili. Akasema ndiyo mapema hiyo, na mwanamke ikikoma mifupa huanza kulika, haimwambii mtu, haiumi, mpaka siku inapovunjika. Kaniuliza mama yangu alikuwaje. Nikamwambia mama alipinda mpaka akawa anaona vidole vyake vya miguu tu, na urefu wake ukapungua, sisi tukasema ni uzee. Kisha akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Watu wakasema huyu mzee, mlazeni tu. Tukamlaza. Tukawa tunamgeuza kama mkeka, mgongo ukatoka vidonda, na kabla ya Idd tukamzika.

Haya sikupata kumwambia mtu. Nimemwambia yule mtoto wa watu kwenye kiti cha hospitali.

Kanipa tembe moja kwa wiki. Niinywe asubuhi na maji glasi nzima, tumbo tupu, na nisilale, nikae wima nusu saa. Nile maziwa, dagaa na miba yao. Nitembee. Na jua, kila siku, ngozini, si juu ya nguo.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimo edani, na nyumba yangu iko Mji wa Kale."

Akanitazama kama aliyesahau kitu.

Mei 11

Kikao. Gharib, Jannat, Zakiya, na mimi katikati kama kesi.

Gharib kasema, "Eda ikisha, mama, unakuja kwangu Tudor. Nyumba yangu iko chini, haina ngazi hata moja. Hapa tutapakodisha."

"Kwani nani kakwambia nakodisha?"

"Mama, usikasirike. Wewe sasa ni kama yai."

"Basi yai ndilo lililokuzaa."

Jannat akacheka, akaona Zakiya anamtazama, akajitia kukohoa. Gharib hakucheka. Kasema mpaka siku hiyo nisikanyage ngazi, nisiinue sufuria, nisiende bafuni peke yangu. Atanilipia mtu wa kazi. Zakiya akasema ndiyo hivyo, na tena nilale sana, mfupa wataka kulala.

Walivyokuwa wakisema, nilikuwa nauona ule mkeka. Wananipenda hawa, na kwa mapenzi yao watanilaza. Nikasema, sijui nilipata wapi sauti:

"Gharib, nisikize. Siku nitakayotoka eda, nitashuka ngazi zile kwa miguu yangu, wala sitashikwa. Nikishindwa, nifunge kama mzigo wa Shimanzi unipeleke Tudor, na sitafungua mdomo. Nikiweza, Tudor nitakuja siku ya Idd, kula, na jioni nirudishwe kwangu."

Akasema, "Haya, mama." Ile haya ya kumpumbaza mtoto.

Mei 12

Mvua. Miguu inatetemeka hata nikienda jikoni. Pengine wao ndio wasemao kweli.

Mei 15

Mvua.

Mei 20

Leo kaja Eddah. Ni wa mazoezi, hospitali ndiyo iliyomtuma, mtu wa Machakos, mchangamfu, na kicheko kikubwa. Zakiya hakupenda kicheko kile ndani ya nyumba ya msiba.

Eddah kanitazama nikiinuka nimeshika ukuta. "Mama, nani amekuambia usitembee?"

"Wote."

"Basi hao wote ndio watakuangusha. Miguu ikikaa bure inalegea. Hebu keti, halafu usimame bila kushika kitu."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama, mpaka jasho. Kisha akazunguka nyumba yangu kama askari kanzu. Mikeka ya mlangoni kaikunja yote, kasema hiyo ndiyo mitego. Ndara zangu zilizolika akazitupa mwenyewe. Akaivuta ile kamba ya marehemu ngazini kwa uzito wake wote, ikamshika. "Huyu mzee alikuwa na akili," kasema, na mimi nikalia kidogo, si kwa huzuni tu.

"Sasa jua liko wapi kwa hii nyumba?"

Nikamfungulia dirisha. Kichochoro chetu ni chembamba, jirani wa mbele ukimwomba chumvi anakupa mkononi. Jua halifiki humu tangu nyumba zijengwe.

"Liko darini," nikamwambia. Dari letu, juu kabisa ya nyumba, ni saruji tupu, limezungushiwa ukuta wa kifuani, ndipo tunapoanika nguo.

"Basi ni huko juu."

"Kuna ngazi."

"Hizo ngazi ni dawa nyingine, mama. Lakini pole pole, na mtu nyuma yako mpaka nikuambie."

Zakiya alikuwa mlangoni. Hakusema kitu, na Zakiya asiposema kitu mvua kubwa inakuja.

Mei 21

Ilikuja.

"Hutapanda," kasema. "Mwenye eda hapandi darini. Ile hoteli ya wageni mbele, Wazungu wanakunywa kahawa juu ya paa lao. Watakuona mikono wazi. Marehemu kakaa kaburini mwezi mmoja na wewe waota jua?"

Hilo neno la mwisho liliniuma kuliko mkono. Nimeshinda kimya. Naogopa Mungu, jamani. Sitaki kuivunja eda ya mume wangu kwa ajili ya mifupa.

Mei 23

Jannat kachoka na kimya changu, akampigia Mwalimu Ubaid, aliyewasomesha yeye na Gharib chuoni. Kamtia kwenye spika. Zakiya akakaa karibu asikie ninavyokatazwa.

Mwalimu kauliza, "Hilo dari ni la nyumba yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kuna mtu apitaye hapo?"

"Hakuna, ila majirani wa mbali huona."

"Basi jistiri nao wasikuone, na ukae. Eda imekuweka nyumbani kwako, Bi Khairiya, na dari ni nyumbani kwako. Na mgonjwa ana haki ya dawa yake. Nani kakwambia jua limekatazwa?"

Nikamtazama Zakiya. Nikasema, "Watu, mwalimu."

"Hao watu waambie wanisalimie."

Zakiya akainuka kwenda kutawadha, na ilikuwa si wakati wa sala.

Juni 7

Idd kubwa. Nyumba imejaa nyama iliyoletwa na watu na mimi siwezi hata kunusa harufu yake, kwani hii ndiyo Idd ya kwanza bila marehemu kuikata.

Lakini nimepanda. Jannat nyuma yangu, kamba mkononi. Kila ngazi nilisoma bismillahi. Katikati magoti yakakataa, nikakaa palepale kwenye ngazi na nguo zangu nyeupe kama kuku aliyenyeshewa. Jannat kasema, "Turudi, mama?" Nikamwambia, "Kurudi pia ni ngazi."

Juu tulikuwa tumeshaanika mashuka yote ya nyumba, mengine masafi, tuliyalowesha kwa makusudi. Tumeyapanga pande nne kwenye kamba. Ndani yake nikaweka kiti, nikakunja mikono ya kanzu, nikanyoosha miguu. Mashuka yanapepea, hoteli haioni kitu, na jua limenijia moja kwa moja kutoka juu. Nilikuwa nimesahau kwamba lina uzito. Nimekaa mpaka Jannat akasema inatosha.

Juni 8

Darini.

Juni 9

Darini. Dagaa wa nazi.

Juni 11

Mvua tangu alfajiri. Nimesimama na kukaa kitini mpaka kiti kinanionea huruma.

Juni 14

Plasta imetolewa. Mkono umesinyaa kama wa mtoto mgonjwa, lakini ni wangu.

Juni 16

Darini. Upepo wa kusi unavuma, mashuka yanapigana. Nimeanza kusali nikisujudu pole pole, alivyonionyesha Eddah, magoti kwanza, mgongo wima. Siku mgongo ukikataa nasali kitini. Mwanzo niliona haya na kile kiti. Sasa sioni.

Juni 24

Leo nimekasirika, Mungu anisamehe.

Gharib kaja mchana bila kusema. Kanikuta natelemka ngazi za darini, Jannat yuko chini jikoni, yaani peke yangu. Eddah kaniruhusu tangu wiki jana, lakini hilo hakulijua. Alipiga yowe jina langu. Mimi, mama yake, jina langu. Nikashtuka, na ndipo nilipokaribia kuanguka, kwa yowe lake. Kamba ndiyo iliyonishika.

"Nilisema nini, mama? Nilisema nini?"

"Ulisema. Na daktari kasema. Na Eddah kasema. Na Mwalimu Ubaid kasema. Wewe ndiye peke yako usiyesomea kitu."

Akatoka, akarudi na kufuli jipya. Kafunga mlango wa darini, kile chuma cha kutilia kufuli kakikaza kwa skrubu nne mlangoni, mimi nimesimama namtazama. Ufunguo akautia mfukoni. Akasema, huku ananipa mgongo, "Nimemzika baba Aprili. Sikuziki wewe mwaka huu."

Basi hapo nikamwona, si yule mwanaume mwenye kelele. Nikamwona mtoto aliyenibeba Mei akaona siilemei mikono yake. Nilitaka kumkumbatia. Lakini kumkumbatia ni kitu kimoja na kukubali kufuli ni kitu kingine. Nimemwacha akaenda.

Juni 25

Leo sikupanda. Zakiya kafurahi, kaniletea mbaazi. Kasema, "Waona, Mungu kakupumzisha." Nikala mbaazi zake nikifikiri.

Juni 26

Mlango ule ni wa zamani na umekunywa mvua za masika zote, mbao yake laini kama mkate wa boflo. Skrubu za Gharib hazikushika kitu. Jannat kashika kiti nilichokalia, mimi nimezitoa moja moja kwa kisu cha kupakia siagi. Kwa mkono wa kushoto. Eddah kasema nitafute mazoezi ya mkono, nimeyapata.

Kisha nikapika mkate wa kumimina, wa kwanza tangu msiba. Sufuria kaniinulia Jannat, sikuwa mpumbavu. Nikautia kwenye bakuli la kifuniko, chini yake nimelifunga lile kufuli na chuma chake na skrubu zake nne kwenye karatasi, nikamtuma Jannat ampelekee Gharib Shimanzi.

Alasiri kapiga simu. Kasema, "Mama, mkate mtamu."

"Umefika chini?"

"Nimefika."

"Basi kula, mwanangu."

Akasema, "Ushike kamba."

Julai 2

Darini.

Julai 9

Nimeona kitu leo, na sikukipenda.

Zakiya aliingia na pindo la buibui lina tope pande zote, na mvua yenyewe haikunyesha tangu juzi. Nikamwambia, "Wifi, wafagia barabara ya Ndia Kuu?" Kwa mzaha. Kasema fundi kalikosea, refu. Lakini buibui lile nalijua, tulishona pamoja mwaka juzi, la kwangu na lake, kipimo kimoja. Tangu ujana tulikuwa tunaazimana nguo, mimi na yeye tuko sawa kwa sawa. Langu limo kabatini, jioni nimelivaa mbele ya kioo. Linafika kifundoni.

Fundi hakukosea.

Julai 10

Leo nimemtazama anavyotundika. Msumari ule aliupigilia marehemu mwenyewe, kwa ajili yake, ili dada yake aje na kutundika bila taabu. Aprili alikuwa anaufikia kwa kunyoosha mkono. Leo kavuta kigoda, kapanda, kigoda kinayumba juu ya sakafu, kashikilia fremu. Yeye akashuka akanambia, "Na wewe usipande darini leo, kuna upepo."

Julai 18

Nimemwuliza mgongo. Kasema ni baridi imemwingia tangu Ramadhani. Akiinama jikoni huchomwa, akikohoa huchomwa. Nikasema nenda kwa daktari wangu. Kasema, "Ukoo wenu ndio wenye mifupa mibovu, si wetu."

Julai 29

Miezi mitatu nilidhani huyu mwanamke ananilinda nisifanye dhambi. Sasa nadhani anaogopa. Mimi nikipona kwa kutembea, yeye atakuwa ameulaza mwili wake bure tangu eda yake, miaka ishirini. Si rahisi kulikubali hilo katika umri wetu. Namhurumia na ananichosha.

Agosti 4

Nimegombana na Zakiya, ugomvi ambao hatujapata kuwa nao tangu niolewe.

Adhuhuri nilishuka kutoka darini nikasikia mnong'ono chumbani. Kumbe kalala kifudifudi kwenye mkeka, na mjukuu wake, kibonge wa darasa la sita aliyekuja naye, amesimama wima juu ya mgongo wake, ameshika mlango asianguke. Anamkanyaga. "Tini kidogo," anamwambia, mtoto anashuka kuelekea kiunoni. "Hapo. Kaza." Kwetu hivi ndivyo tulivyotibu migongo siku zote, mimi mwenyewe nilimkanyaga mama yangu nikiwa mtoto, na leo najua nilikuwa nakanyaga nini.

Nikamshusha yule mtoto kwa mkono mmoja. Nikamwambia aende kwa Jannat akapewe mahamri.

Zakiya kajizoazoa pale chini. "Wamshusha mwanangu kwa nini?"

"Kwa sababu ndani ya mgongo wako mna mkate wa kumimina, Zakiya, na wewe wamsimamisha mtu juu yake."

"Usinipe ugonjwa wako."

"Sikupi. Unao. Simama hapa." Nikamvuta kwenye mlango, nikasimama naye bega kwa bega kama tulivyosimama siku ya arusi yangu, aliponivika yeye. Bega lake lilikuwa chini ya langu, vidole vitatu. "Tazama. Tulikuwa sawa. Umekwenda wapi?"

Alitazama mabega yetu. Nilidhani atalia. Badala yake alivuta buibui lake kutoka msumarini, halikutoka, msumari hakuufikia, akaruka kidogo ili alichomoe. Mwanamke wa miaka sitini na tisa anaruka. Likatatuka begani. Akalivaa hivyo hivyo.

Kutoka mlangoni kasema, "Tangu uanze kukaa juani umekuwa mkali. Marehemu hakukuoa hivyo."

Nikamjibu, "Marehemu alininunulia kamba. Hakuninunulia kitanda."

Ameshuka. Nilisikiliza kila hatua yake mpaka chini, nikiomba asianguke.

Agosti 5

Hakuja.

Agosti 6

Hakuja. Nimempigia, kapokea mjukuu, kasema nyanya amelala.

Agosti 9

Hakuja. Msumari mtupu. Nimemtuma Jannat na dagaa na maziwa. Kamkuta kitandani, mchana, mapazia yamefungwa. Kapokea maziwa bila kunisalimia.

Jannat kasema, "Mama, labda ulimsema sana."

Labda. Lakini mama yangu sikumsema hata kidogo, na tulimlaza.

Agosti 13

Mashuka yamekauka, nimeyaanika tena.

Agosti 17

Nilikuwa ndani ya mashuka yangu, macho nimefumba. Nikasikia ngazini mtu anapanda, pole pole, anapumua kama sufuria linalochemka. Nikadhani Jannat kabeba nguo. Shuka likafunguka.

Zakiya. Peke yake. Buibui limeshonwa begani kwa uzi wa rangi nyingine.

Hakusema asalamu alaykum kwanza, ndipo nilipojua ni kubwa. Kasema, "Juzi nimepiga chafya, Khairiya. Chafya tu. Nimeshindwa kuinuka mpaka laasiri."

Nikainuka nikampa kiti. Akatazama pande zote, hoteli haionekani, mji wote hauonekani, ni mashuka na mbingu. Kakaa. Baadaye akafungua kifungo cha mkono mmoja, akasita, akafungua na cha pili. Mikono yake ilikuwa myeupe kama ya mtu aliyetoka kuzaa.

"Lachoma," kasema.

"Lazima lichome kidogo. Kesho utalizoea."

"Na ile hospitali yako," kasema akitazama mbali, "ni lazima uvuliwe nguo?"

"Hapana. Walala kitandani tu, mashine inapita juu."

"Inakanyaga?"

"Haigusi."

Nilitaka kusema mengi, nikayameza yote. Nimekaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, tumeota jua.

Agosti 20

Darini, wawili. Anakaa kwenye kiti changu na kulalamika kwamba ndoo yangu inaonekana nzuri zaidi.

Agosti 25

Mwezi umeandama. Umeingia Mfungo sita. Eda yangu imekwisha.

Asubuhi nimeoga, nimevaa nguo ya rangi, Jannat kanifukizia udi, nikamkumbuka marehemu mpaka nikakaa. Kisha nikainuka.

Gharib alikuwa chini na pikapu ya kazini. Nyuma yake ameweka kamba, nyundo ya kufungulia vitanda, na godoro la kunikalisha. Yuko hodari huyu mtoto. Alikuwa amejiandaa kushinda.

Zakiya alikuwa yuko tayari tangu mapema, kimya, karatasi ya daktari mkobani. Leo ndiyo siku yake ya picha, nimemtafutia mwenyewe kwa simu. Tukatoka chumbani. Nikashika kamba kwa mkono wa kulia. Yeye akasimama pale juu, akatazama chini, asishuke. Aliyekuwa akizipanda ngazi hizi tangu mimi sijaolewa.

"Naogopa," kanong'ona. "Usimwambie Gharib."

"Nipe mkono."

Basi tumeshuka hivyo, mimi mbele upande mmoja, yeye nyuma kaniegemea bega, mkono wa kushoto, ule uliovunjika, umeushika wake. Kila ngazi nilimwambia, "Kanyaga. Bado. Kanyaga." Gharib alikuwa chini amenyoosha mikono yote miwili kama mtu anayesubiri kitu kidondoke kutoka mwembeni. Nikafika, nikapita katikati ya mikono yake.

"Sikushikwa," nikamwambia.

Alikuwa anamtazama shangazi yake. Akamtazama pindo. Nadhani na yeye aliona. "Shangazi ana nini?"

"Alicho nacho mama yako. Pikapu isirudi bure, tupeleke. Na hilo godoro lipandishe darini, nimechoka kukaa juu ya ndoo."

Tumerudi alasiri. Majibu ya mashine ni wiki ijayo, lakini wamempiga na picha ya mgongo, na daktari kaonyesha pale mifupa ilipobonyea, mahali pawili. Zakiya aliitazama muda mrefu. Hakusema ukoo wetu wala wenu. Kauliza tembe inanywewa saa ngapi.

Nyumbani akatafuta kigoda. Nikakitia mguu, kikaenda chini ya kitanda. Nikamwita Gharib na ile nyundo yake.

"Ng'oa msumari huu. Uupige pale mkono wa shangazi yako unapofika."

Zakiya kasimama mlangoni, viatu kavua, mgongo kaunyoosha kadiri alivyoweza, akanyoosha mkono. Gharib akaweka alama. Msumari wa baba yake kaugeuza geuza kiganjani kabla hajaupigilia. Akauliza, "Nishushe kidogo zaidi, shangazi? Ili baadaye usipate taabu?"

Zakiya akamtazama kutoka chini ya kwapa lake mwenyewe.

"Piga hapo hapo," kasema, "na upige sana. Mimi sishuki tena."